Binti wa Mpishi Katika Picha ya Mwalugembe

Kijiwe cha Kirumba kilikuwa ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, nje ya duka la spea za baiskeli, na kila alasiri ubao ule ulikuwa na wenyewe. Nkwabi alikaa mwisho wa kulia tangu mwaka alipopunguzwa kiwandani. Wenzake walimwita Mafaili, kwa jinsi alivyojisifu kwamba hasahau kitu. Katikati alikaa Masalu, fundi cherehani, jina lake la kijiweni Redio. Upande wa pili alikuwa Ojwang, Kapteni, aliyewahi kufanya kazi melini na ambaye angebishia hata msiba wa watu. Siku hiyo, mwaka 1995, Masalu alikuwa ametoka matangani Mwalugembe, kijiji cha nyuma ya Kisesa alikosomea yeye na Nkwabi. Mjane wa mwalimu mkuu wa zamani alimpa bahasha akawaonyeshe aliosoma nao, akamwambia mwalimu wa sasa ataifuata mjini.

— Yakobo, kahawa weka kule kwanza, — Masalu alimwambia muuza kahawa. — Hii kitu ikimwagikiwa nimekwisha.

Akatoa picha. Darasa la nne, nyeusi na nyeupe, kona moja imeliwa na mchwa. Wavulana wamepangwa mistari, miguu peku, na katikati yao msichana mmoja tu, kichwa kimenyolewa, anaitazama kamera kama vile inamdai jibu.

Nkwabi aliisogeza karibu na macho.

— Mimi huyu! Na wewe huyu, Redio, masikio yale yale. Huyu Ngosha. Huyu Antoni, Mungu amrehemu, shimo la dhahabu lilimfukia Geita.

— Na huyu binti? — Ojwang aliuliza.

— Binti wa mpishi wa shule huyo! — Masalu alishika taya. — Alinipiga ngumi mbele ya darasa zima.

— Si ulimwibia kiazi? — Nkwabi alisema.

— Kiazi chenyewe kidogo!

Nkwabi hakuwaangalia. Alikaa naye dawati moja miaka mitatu. Binti yule aliandika kwa mkono wa kushoto. Mwalimu alimchapa kwenye vidole ahamie kulia, naye alihamia, mpaka mwalimu ageuke ubaoni. Hesabu za kugawanya Nkwabi alifundishwa na yeye, si na mwalimu, na hakuwahi kumshukuru.

— Alipotelea wapi? — Ojwang alisema.

— Aliolewa Ukerewe, — Masalu alijibu. — Tajiri wa mitumbwi.

— Nani kakudanganya? — Nkwabi alisema. — Aliingia utawa. Nilisikia anafundisha Tabora.

— Ninyi hamjui kitu, — Ojwang alidakia. Mtu mwenye macho hayo hakai Tabora. Alivuka akaenda Kisumu, akapanda ndege. Saa hizi yuko Urusi, anaunda roketi.

— Kapteni, hata kusoma Mwalugembe hukusoma!

— Ndiyo maana naona vizuri. Ninyi mlimwogopa.

Masalu alipiga ubao kofi.

— Basi sikilizeni. Hawa wafadhili wanaokuja na masharti mpaka viwanda vinafungwa, mkubwa wao ni yeye. Analipiza kile kiazi!

Walicheka mpaka Yakobo akatua birika. Nkwabi naye alicheka, machozi yakamtoka. Tangu atoke kiwandani hakuwa amecheka namna ile.

Bado wanacheka, akasimama mbele yao mwanamke kijana, vumbi la Kisesa bado viatuni.

— Shikamooni, baba zangu.

— Marahaba, mwanangu.

Alijitambulisha: Suzana, mwalimu wa Mwalugembe. Alifuata ile picha, aitundike ofisini na majina chini yake.

— Kwani vile vitabu vya mahudhurio haviko stoo? — Nkwabi aliuliza.

— Stoo ilikodishwa kwa mnunuzi binafsi wa pamba, baba. Vitabu vikatolewa nje, mvua ikavikuta huko. Kilichobaki watu waliwashia moto. Sasa watoto wanadhani shule ilianza siku niliyoripoti mimi.

Suzana aliketi, akatoa kalamu. Majina yakaanza kumiminika. Nkwabi alitaja la mtu, la baba yake na la kitongoji chake, na kila alipotaja alijiona mrefu kidogo. Mstari wa nyuma ukaisha. Wa mbele ukaisha. Kidole cha Suzana kikatua katikati.

— Na huyu?

— Binti wa mpishi, — Masalu alisema haraka.

— Jina lake, baba.

Masalu alimtazama Nkwabi. Nkwabi alifungua kinywa kwa uhakika wote wa mtu asiyesahau, kikabaki wazi.

— Mlikuwa mnamwitaje? — Suzana aliuliza tena, kwa upole.

— Hivyo hivyo, — Nkwabi alisema. — Binti wa mpishi.

Akafumba macho. Aliliona darasa, mwalimu ameshika kitabu, anaita majina kama kila asubuhi ya Mungu. Akaanza kuyafuata kwa sauti ya chini:

— Antoni... nipo. Masalu... nipo. Ngosha... nipo.

Kisha ikafika zamu ya binti. Sauti yake aliisikia waziwazi, kali kuliko za wavulana wote, ikiitika: Nipo! Lakini jina alilotamka mwalimu kabla yake halikusikika.

— Anza tena, Mafaili, — Masalu alinong'ona.

Nkwabi akaanza tena.