Teodora Ndalahwa na Neno Lililotandika Msiba Magu

Baada ya miaka ishirini na sita katika chumba cha habari cha Redio Mwalo, mhariri wetu Bi. Teodora Ndalahwa anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2026.

Alianza kwa kusoma salamu za wasikilizaji, akawa mwandishi, kisha mhariri. Wengi wanamjua kwa kipindi cha Jumamosi, *Wana Maana Gani?*, anachofafanulia maneno ya mitaani na ya wanasiasa: chawa (mpambe wa wakubwa), kutumbuliwa (kuondolewa cheo), kulamba asali (kufaidi madaraka). Wachache wanajua kilivyoanza.

Ilikuwa mwaka wa uchaguzi. Taarifa yetu ya saa saba mchana ilisema mgombea udiwani mmoja wa Magu, Mihayo, "amekatwa". Kwetu waandishi maana ilikuwa wazi: chama kimeondoa jina lake. Kijijini kwao walisikia panga. Mama yake akaanguka kwa kilio. Simu ya Mihayo haikupatikana, na vijana wakachukua fimbo kuelekea kwa mpinzani wake. Mjomba wake alitupigia kuuliza maiti iko wapi.

Bosi alitaka tusubiri taarifa ya saa kumi. Teodora alikatisha muziki akaingia hewani, kwa Kiswahili, kisha kwa Kisukuma.

"Mihayo ni mzima. Kilichokatwa ni jina lake kwenye chama, siyo mwili wake. Neno lile ni letu waandishi, na kosa ni letu. Ndugu zangu mlioko njiani, nawaomba mrudi nyumbani."

Vijana walimsikia kwenye redio ya dukani, wakasimama, wakageuza. Jioni Mihayo alifika kwao akakuta turubai la msiba wake linashushwa. Ametusimulia mwenyewe, akicheka, ingawa mama yake hacheki hadi leo.

Kipindi kilizaliwa na kosa hilo, na tangu hapo hakuna neno lililopita mezani kwa Teodora bila swali: bibi yako kijijini ataelewa nini? Alitusumbua kweli. Leo vyumba vingine vya habari Mwanza humpigia simu kabla ya kutangaza, nasi tunajivuna kana kwamba sifa ni zetu.

Wiki iliyopita msomaji wetu wa habari, Dorcas, aliandika kuwa Bi. Teodora "anang'atuka". Bi. Teodora akamwita mezani kwake.

"Mwanangu, wanaong'atuka ni wenye madaraka. Mimi nilikuwa na kazi. Andika nastaafu."

Tumeandika hivyo, mama. Asante kwa kutufundisha kusema tueleweke. Mungu akupe afya tele na mapumziko matamu huko nyumbani kwako Buswelu.