Mama Wawili kwenye Simu

Mshonaji alikuwa njia panda. Kwenye simu yake alikuwa na programu mbili za kuandika ukoo, na mzee aliyeketi kando yake kwenye treni, mwalimu mstaafu, alikuwa na ushauri tele. "Chukua hii yenye picha," akasema. Mshonaji akapinga: "Hiyo ina nafasi ya mama mmoja tu, Mwalimu. Shangazi aliyenilea nimweke wapi?"

"Kwa mashangazi, mwanangu. Ukoo ni damu."

"Mbona damu haikunisuka nywele za shule?" Behewa zima likacheka, hata waliojifanya wamelala.

"Lakini ile nyingine haina picha!"

"Sura yake ninayo kichwani. Ninachomtafutia ni nafasi."

Treni ikasimama mwalimu akingali anabisha. Mshonaji akaandika mama wawili kwenye ile isiyo na picha, akashuka akitabasamu peke yake.