Waliofia Wodini Kwetu

Kwenye basi, kiti cha mbele yangu, fundi cherehani alimwambia karani wa hospitali kwamba anahama mji.

"Saratani hapa inaua mara mbili ya wastani wa nchi. Si mlibandika wenyewe ukutani? Nina watoto mimi!"

"Tulikosea, dada. Kila aliyefia wodini kwetu tulimwandika mkazi wa hapa, hata aliyeletwa kutoka mbali. Tumehesabu upya kila mtu kwao. Tuko chini ya wastani, na vifo vinapungua kila mwaka."

Fundi akashusha pumzi mpaka kioo kikaingia ukungu. Nami, mwenye wajukuu sita mji huohuo, nikashusha yangu polepole.

"Na masanduku niliyokwisha kufunga?"

"Fungua."

"Mlinitisha ninyi, njooni mfungue ninyi!"

Basi likasimama. Wakashuka wakibishana, fundi akicheka.