Namba ya Ukutani, Chumba cha Nne

Ijumaa hii, baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha hisabati, Mwalimu wetu anastaafu. Wanafunzi humwita Haigawanyiki, naye huitika bila kinyongo.

Jina hilo lilianzia ukutani. Katika mwaka wake wa pili hapa, mkaguzi mmoja aliandika kwenye ripoti kwamba wanafunzi wa shule hii wasisumbuliwe na namba kubwa. Za kuhesabu kwa vidole zinawatosha. Mwalimu aliisoma ripoti hiyo akiwa amesimama. Kesho yake alikuja na kopo la rangi nyeusi, akaandika kwenye ukuta mzima wa nyuma wa Chumba cha Nne: 73939133. Akaliambia darasa kwamba hiyo ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe, na asiyeamini ajaribu.

Walijaribu muhula mzima. Wanafunzi arobaini waligawana vigawanyo zaidi ya elfu moja, wakachafua madaftari. Msichana mmoja alipiga kelele kwamba ameipata, inagawanyika kwa kumi na tatu! Aliitwa ubaoni arudie, ikabaki nane. Msichana huyo ni mimi. Leo nafundisha chumba cha jirani, na Mwalimu bado ananiita Baki Nane mbele za watu.

Namba hiyo ina ukaidi wake. Futa tarakimu ya mwisho kulia, inayobaki nayo ni tasa. Futa tena na tena mpaka ibaki saba, zote ni tasa. Hakuna namba kubwa kuliko hiyo inayoweza kufanya hivyo.

Shule ikaanza kuikata bila kujua. Kabati la vitabu lilifunika 3 ya mwisho. Boksi la umeme likapigiliwa juu ya 3 iliyofuata. Mlango mpya ukala 1 na 9. Sisi tulinung'unika, yeye alichukua chaki, akakokotoa mbele ya darasa, akasema, "Bado ipo. Tuendelee." Shemeji yetu, mkewe, anasema mtu huyohuyo nyumbani hajui kugawa mkate vipande sawa.

Sasa ofisi imeamua kwamba akishaondoka, chumba kikatwe kwa ukuta wa mbao, kiwe stoo ya viti vibovu. Katika namba itabaki 7 tu. Mimi nimechukia, na ninaandika hapa ili isomwe: hatukubali. Walimu kumi na wawili tumesaini barua. Fundi akija na mbao zake, atatukuta ndani tunafundisha.

Mwalimu, asante kwa kumkasirikia mkaguzi yule kwa ajili yetu. Ulale mpaka jua lipande, umsaidie shemeji kukata mkate, na afya ikae nawe miaka mingi. Ukisikia wametushinda, usihuzunike. Saba nayo haigawanyiki.