Saa Thelathini na Tatu Zisizokuwa Zangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na amsifu hasa yule aliyeketi hapa leo huku moyo wake ukizunguka nje uani. Namfahamu mtu huyo. Kwa siku nne nilikuwa yeye.

Wengi wenu mnajua kwamba nimekuwa rubani. Ambalo sijawasimulia ni jinsi nilivyokaribia kuingia katika kazi hiyo nikiwa nimebeba uongo.

Nilizaliwa Salale, baba akiwa mwalimu huko, na ndege za kwanza kuziona ni zile ndogo zilizopita juu ya mikoko zikielekea kisiwa cha Mafia. Baadaye tulihamia Kibiti, tukawa miongoni mwa nyumba chache za Kikristo zilizoishi kwa wema na majirani Waislamu. Bwana akanifungulia njia ya kusomea urubani, nikaajiriwa na kampuni ndogo iliyobeba watalii. Mara kwa mara tulilala Mloka, kijiji kilicho kando ya mbuga ya wanyama, tukaondoka asubuhi na kupitia Mafia hadi Dar es Salaam.

Ndipo ikaja miaka ya biashara huria, na mashirika binafsi ya ndege yakaanza kuajiri. Shirika moja jipya likaniita kwenye usaili. Walitaka leseni, cheti cha daktari, na logibuku, yaani kitabu ambamo rubani huandika kila safari na muda aliokaa angani. Kiwango chao kilikuwa saa mia tano. Mimi nilikuwa na mia tano ishirini na moja! Nakala za kurasa zangu nilikwisha kuzituma. Usaili ulikuwa Jumatatu, nami Alhamisi nikaenda kwa mama kuandaa karatasi zilizobaki.

Mama alinisomea mistari ya logibuku, nami nikainakili kwenye fomu ya muhtasari. Akafika mahali akavua miwani.

"Tumaini, hapa umeondoka Mloka saa moja. Ni saa moja ya asubuhi?"

"Ya asubuhi, mama."

"Halafu umetua Dar es Salaam saa tano na dakika arobaini. Njiani mlikuwa mnafanya nini?"

Nikacheka. "Mama, hiyo ya kutua ni saa ya kimataifa, ndiyo wanayotumia waongoza ndege. Kwetu ilikuwa saa mbili na dakika arobaini."

Ndugu zangu, maneno yale yalitoka kinywani mwangu, nami hapo hapo nikaliona kosa langu. Mlinzi wa kiwanja cha Mloka aliandika daftarini mwake kwa saa zetu, zile tunazohesabu tangu kunapokucha. Mimi, kila mwisho wa mwezi, nilinakili muda wa kuondoka kama alivyouandika, nikauweka kando ya muda wa kutua wa kimataifa, kisha nikautoa kupata saa za angani. Safari ya saa moja na dakika arobaini ikawa ya saa nne na dakika arobaini! Bosi wangu aligonga muhuri kila ukurasa bila kusoma.

Tulipekua kitabu kizima. Safari kumi na moja zilikuwa hivyo, kila moja ikiwa na saa tatu za ziada. Nilibakiwa na saa mia nne themanini na nane. Zilipungua kumi na mbili.

Kaka yangu Eliya, aliyekuwa akiuza redio pale stendi, aliposikia alipiga makofi. "Dada, hesabu imekupendelea, nawe unaikataa? Nani atakwenda Mloka kukagua? Tembo?"

Tulicheka wote. Lakini baada ya kicheko kile sikuweza kuketi. Nilifagia ua uliokwisha kufagiliwa. Nilifunga begi, nikalifungua, nikalifunga tena. Nilitembea hadi barabarani, nikasahau nilichofuata, nikarudi, hata jirani yetu Bi Zuhura akaniita kutoka barazani: "Wewe binti, hii mara ya sita unapita! Kama unatafuta mume sema, tukusaidie." Jumamosi jioni nilikwisha kuamua kunyamaza. Nilidhani uamuzi ungenipa utulivu. Haukunipa!

Jumapili nilikwenda ibadani, nikaomba: "Bwana, nipe kazi hii." Hapo hapo swali likanijia: kazi ya nani? Ya mwenye saa mia tano ishirini na moja? Mtu huyo hayupo! Na abiria atakayepanda, akaketi na mwanawe mapajani, amemwamini nani? Nililia, ndugu zangu. Mchungaji alipohitimisha sala, nilishindwa kusema amina.

Nilirudi nyumbani, nikachukua rula na kalamu nyekundu. Nikapiga mstari juu ya kila safari yenye kosa, nikaandika muda wa kweli, nikatia sahihi mara kumi na moja. Mama aliketi kando yangu hadi nikamaliza.

Jumatatu nilimkuta rubani mzee nyuma ya meza, pamoja na wenzake wawili. Nikaamkia, na kabla hajauliza lolote nikasema: "Mzee, jumla niliyowaletea si ya kweli." Nikaweka logibuku mezani. Akaipekua, kisha akatoa nakala zangu kutoka kwenye faili. Ile mistari kumi na moja ilikuwa imezungushiwa penseli. Yote!

"Tuliiona, binti. Mloka hadi Dar es Salaam, saa nne na dakika arobaini! Tulidhani mlikuwa mnateremka kulima." Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. "Tulikuita tusikie utajitetea vipi." Akanirudishia kitabu. "Zimepungua kumi na mbili. Nenda katafute, kisha urudi."

Sikupata kazi siku ile! Mvua zilinyesha, kiwanja cha Mloka kikawa tope, na saa zile kumi na mbili zikanichukua miezi. Eliya alinitania kila nilipokwenda nyumbani. Lakini nililala, nikala, na nikisema amina ilitoka. Nilirudi nikiwa na saa mia tano na moja, zote zangu, na Mungu ni shahidi, walinipokea.

Namshukuru Bwana aliyemtumia mama na miwani yake. Nawe, ndugu yangu, kama katika kitabu cha maisha yako kuna ukurasa unaouruka kila unapokifungua, mwamini Yeye, uufungue leo. Aliye mbele yako amekwisha kuuzungushia penseli, naye bado amekuita.