Mzee Tahir na Kina Mama wa Sare Nyekundu

Baada ya miaka thelathini na moja ya kuendesha basi la chuo chetu, Mzee Tahir Machano anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025. Ofisi ya Tamasha imeniomba niandike wasifu wake, nami nimekubali haraka, kabla hawajakumbuka kwamba mimi na yeye tuna kesi.

Yeye hakuisahau. Wiki iliyopita alikuja ofisini, akavua kofia. Hakutaka saa ya ukutani wala cheti. "Faiza mwanangu, mie n'nakwenda zangu," alisema. "Nakutaka radhi. Iandike humo kwenye karatasi yenu, niisikie ikisomwa."

Tuanze mwanzo. Alizaliwa Makunduchi, akaajiriwa mwaka 1994 akiwa kijana mwembamba (picha tunayo). Tamasha letu la sanaa na utamaduni lilipoanza mwaka 2004, alipewa kazi ya kuzunguka Unguja kukusanya vikundi vya ngoma na kuvifikisha Mji Mkongwe kabla ya saa tisa. Wengine hudhani tamasha ni jukwaa na taa. Tamasha ni Mzee Tahir, anayejua mcheza ngoma ya msewe gani hakai kiti kimoja na nani tangu talaka ya mwaka 1998.

Mwaka mmoja mpiga zumari wetu mkongwe alifika mjini akagundua kwamba meno yake ya bandia ameyaacha nyumbani Kizimkazi, na zumari bila ya meno halilii. Mzee Tahir aligeuza basi. Alirudi na meno yamefungwa kwenye leso safi, akayakabidhi kwa mikono miwili kama anayekabidhi mahari. Mpaka leo hatujui alipita njia gani, na askari wa barabarani nao hawajui.

Ila ana kanuni yake moja. Hamwulizi mtu mzima anakwenda wapi. Kwake huko ni kumvunjia mtu heshima, na pengine kumvunjia safari. Ukisimama njiani umevaa sare na una ngoma, wewe ni wa tamasha. Panda.

Mwaka 2009 kanuni hiyo ilimfikisha Fumba, mbele ya skuli, ambako kina mama wa sare nyekundu walikuwa wakisubiri gari, ngoma miguuni. Walipanda wakiimba. Lahaula, wale hawakuwa kikundi chetu! Walikuwa shangazi zangu sita pamoja na somo yangu aliyenifunda, Bi Nassra, nao walisubiri basi la kina bwana harusi liwapeleke Chukwani, kwenye harusi yangu. Kikundi chetu, nacho cha sare nyekundu (madukani siku zile ilikuwa nyekundu tu), kilifika pale dakika kumi baadaye, kikapanda basi la harusi.

Mjini, shangazi zangu walipandishwa jukwaani. Walidhani ndiyo mambo ya harusi za kisasa. Bi harusi hawakumwona, lakini mbele yao, kwenye kiti kilichopambwa maua, walimwona mgeni rasmi, mzee wa miaka sabini na ndevu zake nyeupe. Shangazi Mwatum hakuvumilia. Alikamata kipaza sauti: "Hivi mtoto wetu ndo mnampa babu huyu? Hata! Mie sikubali, nshasema!" Wenzake wakapiga ngoma kumuunga mkono. Majaji wa mashindano ya tamasha, ambao hawajapata kuona igizo lenye uchungu wa kweli namna ile, waliwapa ushindi wa kwanza.

Chukwani nako, kikundi chetu kilikula biriani ya shangazi zangu kwa adabu kubwa, kisha kikauliza majaji wanakaa wapi. Mimi nilikuwa ndani, nimepakwa hina na piko, nalia. Somo ndiye amtoaye bi harusi. Bila yeye sitoki, na kina bwana harusi walishaanza kutazama saa. Nilikaa saa tatu nzima. Wanja ulifika kidevuni.

Aliyegundua kosa ni Mzee Tahir mwenyewe, alipomsikia Shangazi Mwatum akiuliza Chukwani imehamia lini mjini. Aliwarudisha wote ndani ya basi na kombe lao, pamoja na mgeni rasmi, aliyeomba kwenda ili athibitishe kwamba si yeye anayeoa. Nilitolewa baada ya sala ya magharibi. Mzee Tahir alikaribishwa chakula, akakataa. Alisimama mlangoni, shati limemlowa jasho, mpaka aliponiona nimetoka. Kisha akageukia ukuta, akalia. Junaid, mume wangu, hakulia, na nimeshamkumbusha mara nyingi.

Miaka miwili baadaye niliajiriwa hapa. Siku ya kwanza Mzee Tahir aliniona, akanijua, akaangusha funguo. Tangu hapo kila msimu huniletea doriani kutoka shamba la mkewe Bumbwini, na wenzangu ofisini wamevumilia harufu ile miaka kumi na minne bila ya kujua sababu. Kiti cha mbele cha basi kikawa changu. Nami, Mungu anisamehe, sikuwahi kumwambia kwamba yalikwisha.

Mzee wetu, wenzako wote wanakushukuru. Tunakuombea afya, baraka katika umri, na usingizi wa mchana usiokatizwa na simu ya ofisi.

Ama mimi, nilikusamehe siku ile ile, pale mlangoni, ulipogeukia ukuta. Yaliyobaki yote yalikuwa tamaa yangu ya doriani. Nimekusamehe, Mzee Tahir, duniani na akhera. Lakini miaka kumi na minne nimekuacha ubebe mzigo ambao haukuwepo, na hilo ni kosa langu, si lako. Naomba radhi yako.

Faiza Mahfoudh
Ofisi ya Tamasha