Hudson Buya na Tuta la Idsowe

Marehemu Hudson Buya, mwana wa Mzee Diba, alizaliwa Idsowe mwezi wa Mei 1908, mto ukiwa umejaa hata mkunga akafikishwa mlangoni kwa mtumbwi. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akarudi mwaka 1925 kulima mpunga. Baadaye akawa mzee wa kanisa. Alirekebisha milango, makasia, hata ndoa za watu, bila kuitwa.

Mwaka 1932 alimwoa Lois. Siku ya posa, wazee wakiwa bado wanasalimiana, alichungulia jikoni kwa mama mkwe, akaona chungu kimeinama, akaanza kupanga mafiga upya. "Jamani! Huyu ametumwa na nani?" mama mkwe alimaka. Mchuzi ulimwagika wote, wageni wakala wali mkavu. Posa ikapita hivyo hivyo.

Lipo jambo ambalo sisi wa nyumbani tulitaka kuliruka kwa kuona haya, lakini yeye mwenyewe alitukataza. Mwaka 1953 mafuriko yalizoa miche yake. Hudson akasema dunia imeharibika na Mungu ametupa mikono tuitengeneze. Akawashawishi wanakijiji wazibe kwa tuta mdomo wa mfereji unaoingiza maji mashambani. Jilo, jirani na rafiki yake, alimwuliza, "Buya, nani alikuambia mto umeharibika?" Hudson alicheka tu. Mwaka uliofuata maji yalipita, hayakugusa mashamba, na mpunga ukakauka ungali majani. Alipokubali tuta livunjwe, mto ulikuwa umeshashuka. Watu walikwenda Ozi kuomba chakula kwa jamaa zao. Jilo alihamia Kau na wanawe, wala hakuaga.

Aibu ilimwingia Hudson isitoke tena. Aliacha uzee wa kanisa, akawa anaketi karibu na mlango na kutoka kabla ya baraka, asije akatazamana na mtu. Lois alimwambia, "Baba Alice, watu wameshasahau." Akajibu, "Wao wana haki ya kusahau. Mimi sina." Alikiri kwa mkewe kuwa bado anaamini yapo ya kutengenezwa duniani, maana mtoto akishikwa na homa humwachi hivyo. Kosa lake, alisema, ni kudhani kila kinachomsumbua yeye ni kibovu, asiwaulize wanaokitegemea.

Machi 1958 kifua kilimshika. Alimtuma Alice, binti yake, aende Kau kumwita Jilo, ili yeye Hudson amwombe radhi kwa kinywa chake mwenyewe. Jilo hakuja. Hudson alifariki alfajiri ya tarehe 9 Agosti, akiuliza kama kuna mtu amebisha hodi.

Jilo alifika jana. Alichukua jembe mikononi mwa vijana, akachimba kaburi hili peke yake. Lois akamwuliza, "Shemeji, hasira zote hizi miaka yote?" Jilo akalia mbele za watu. "Hasira gani, shemeji? Nilimwuliza, kisha nikabeba udongo wa tuta pamoja na wengine. Nilihama kwa aibu. Nilijua haliko sawa, nikanyamaza."

Hudson anawaomba radhi wote waliolala njaa mwaka ule. Ameacha mjane wake Lois, binti yake Alice, mwanawe Gershom, wajukuu, na rafiki yake Jilo, ambaye Hudson mwenyewe hakujua kuwa bado anaye. Apumzike kwa amani.